Namna ya kukaa na wazee na kuwauliza enzi za Mjerumani, maisha yalivyozidi kubana mwaka hadi mwaka (kwa sisi wa Moshi na Arusha)

Desemba ikifika mabasi ya kutoka Dar yanajaa, kila Mchaga anapanda nyumbani, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, na kwa siku kama kumi hivi unakuwa umekaa hatua tatu tu kutoka kwa mtu ambaye bibi yake alimwona Mjerumani kwa macho, alafu sikukuu inaisha tunarudi mjini hatujauliza hata swali moja. Hii naiandika kwa ajili hiyo. Mimi kwa baba ni Kibosho na kwa mama ni Meru, Akeri, nimekaa na wazee wa pande zote mbili, na nimejifunza kwamba kuna namna ya kuuliza na kuna namna ya kuiua stori kabla haijaanza.

Piga hesabu kwanza. Mzee wa miaka 85 kazaliwa karibu na 1940. Bibi yake huyo mzee atakuwa kazaliwa kama 1880 au 1890 hivi, na Mjerumani aliondoka huku kwetu Machi 1916, kwa hiyo yule bibi alikuwa msichana au mama mwenye watoto wakati kodi inakusanywa na watu wanapelekwa kujenga boma. Ina maana humtafuti shahidi, mashahidi walishakufa zamani, unamtafuta mtoto aliyekaa jikoni na shahidi, analishwa ndizi huku anasikiliza. Na hao watoto ndo wazee wetu wa leo na wanapungua kila msimu wa mvua, mwaka jana peke yake mimi nimezika wawili ambao nilikuwa nimepanga kuwarudia.

Sasa kosa kubwa. Mara ya kwanza nilienda kwa bibi mzaa baba nikamuuliza, bibi eti Wajerumani walikuwaje? Akanijibu "walikuwa wakali," basi, akaendelea kumenya ndizi. Nikamuuliza tena kuhusu vita vya mangi (chifu wa Kichaga), akaniambia hayo kaulize wanaume. Nikaondoka nimeandika mstari mmoja. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba nilikuwa nauliza kitu kikubwa mno, kitu cha kwenye daftari la historia, wakati yeye anachokijua ni nyumba, mifugo, mashamba, njia ya kwenda mtoni, nani aliitwa kazini na akarudi na mgongo gani. Kutawaliwa na jeshi la watu wa nje siyo ile siku bunduki zinalia, ile siku inaisha, watu wanazika wanarudi kulima. Ni ile miaka inayofuata, kila mwaka kinachukuliwa kitu kingine kidogo na kila mwaka watu wanasema labda itaishia hapa. Ukitaka kuipata hiyo inabidi uulize vitu vidogo.

Ila kabla hujaenda soma kidogo, usiende mtupu, mzee akitaja jina we unakodoa macho anakata tamaa. Kwa ufupi sana: Mangi Rindi wa Moshi aliwekeana mkataba na Wajerumani 1885. Mwaka 1891 kamanda wa Kijerumani, Wissmann, akaja na jeshi akampiga Sina wa Kibosho, akisaidiwa na watu wa Rindi. Rindi akafa mwaka huohuo, mtoto wake Meli akashika kiti, na Juni 1892 watu wa Meli wakawapiga Wajerumani kabisa, kamanda wao von Bülow akafa. Agosti 1893 Mjerumani mwingine, von Schele, akaja na jeshi kubwa zaidi na Meli akashindwa. Upande wa Meru, Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na Kapteni Johannes, Mjerumani aliyekaa Moshi, akaja kulipiza, siyo mara moja, akaja na mwaka uliofuata. Alafu tarehe 2 Machi 1900 wakanyongwa watu 19 Old Moshi, akiwemo Meli mwenyewe, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, na viongozi wa upande wa Meru na Arusha. Hayo yakikaa kichwani inatosha, yaliyobaki mzee atakupa yeye.

Namna ya kufika. Usifike na simu mkononi. Piga hodi, shikamoo, kaa, ulizia afya ya mguu au ya macho, ulizia ng'ombe, pokea ulichopewa unywe. Beba sukari, majani ya chai, sabuni, kama anakunywa mbege basi changia mbege, ila hela usiitangulize, ukitanguliza hela atakupa stori anayodhani umeinunua. Kama kuna baba mkubwa au shangazi anayeheshimika kwenye ukoo mwambie kwanza, tena yeye ndo aseme "huyu mtoto anataka kujua mambo ya zamani ya ukoo," ikitoka kwake inakuwa na uzito, ikitoka kwako wataanza kuwaza labda unatafuta mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Usicheke hapo, kwetu swali lolote la zamani linanuka kesi ya shamba, kwa hiyo sema wazi mapema kwamba huulizi mpaka wa mtu.

Na mwache aongee lugha yake. Hili nalisisitiza mno. Mzee wa Old Moshi akikusimulia kwa Kiswahili anakupa muhtasari, akikusimulia kwa Kimochi, Kichaga cha hukohuko, anaigiza mpaka sauti ya askari. Vilevile Mmeru na Kimeru chake na Mwarusha na Kimaasai chake. Kama we umekulia Sinza na lugha hujui, mchukue binamu aliyebaki nyumbani akae pembeni, asitafsiri palepale maana atamkata, mtatafsiri baadaye mkisikiliza.

Sasa maswali yenyewe, hapa ndo penye utajiri.

Anza na nyumba. Kodi ya nyumba iliwekwa kwa amri ya 1897 ikaanza kudaiwa 1898, vijijini ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba. Ikumbuke hiyo, kwa kila nyumba, siyo kwa kila mtu. Mwanaume mwenye wake watatu na kila mke na nyumba yake kama ilivyokuwa desturi, tayari anadaiwa rupia 9, na rupia huku mlimani haioti. Kwa hiyo muulize mzee, bibi yako alikuwa analala nyumba ya nani? Walikuwa wangapi ndani? Kuna nyumba iliwahi kubomolewa au watu kuhamia kwa mke mwenza? Rupia walikuwa wanazitoa wapi? Mimi swali la rupia ndo lililofungua mlango kwa bibi yangu, akakaa kimya kidogo alafu akasema baba wa baba yake aliuza ng'ombe aliyekuwa wa mahari ya binti yake, na yule binti akakaa miaka nyumbani kwa sababu ya huyo ng'ombe mmoja. Hilo kwenye kitabu hulikuti. Na ukilipata la namna hiyo usirukie swali lingine, kaa nalo, uliza huyo binti aliitwa nani, aliishia wapi, nani anatokana naye.

Alafu nenda kwenye siku. Asiyekuwa na rupia alitoa nguvu zake, na hata mwenye rupia aliitwa. Boma la Arusha, lile ambalo saivi ni makumbusho pale mwisho wa Boma Road, lilikamilika 1900 na wenyeji ndo waliolijenga, walilazimishwa, Waarusha na Wameru, baada ya kupigwa na kunyang'anywa mifugo. Usiulize "kulikuwa na kazi za kulazimishwa?" maana jibu ni ndio na limeisha. Uliza walikuwa wanaondoka saa ngapi. Walikuwa wanabeba nini wanakitoa wapi. Chakula nani anawapelekea, mke au mtoto? Shamba la nyumbani nani alilima hizo siku? Akichelewa anafanywa nini? Hapo utasikia neno kiboko, na wazee wengine bado wanasema "hamsa wa ishirini," viboko ishirini na tano, ndo ilikuwa adhabu inayojulikana nchi nzima. Uliza pia nani alikuwa anaita majina, alikuwa mzungu, askari wa kutoka mbali, au mtu wa hapahapa kijijini? Jibu la hilo swali huwa linakuja kwa sauti ya chini.

Mifugo. Hii uliza kwa uangalifu wa miaka kwa sababu kuna vitu viwili vimepandana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilipita sotoka ikamaliza ng'ombe karibu Afrika Mashariki yote, kwa hiyo mzee akikwambia "ng'ombe wetu waliisha enzi za Mjerumani" inabidi umuulize waliisha kwa kufa au kwa kuchukuliwa. Mara nyingi ni vyote, walikufa kwa ugonjwa, wakaanza kujikusanya tena, alafu jeshi likaja likachukua wale wachache waliobaki. Kwa familia hiyo ya pili ndo iliyouma zaidi.

Ardhi nayo haikwenda siku moja. Kwa watu wa Meru na Arusha muulize mzee mifugo ilikuwa inashushwa wapi kiangazi, inapata wapi chumvi, na njia hiyo ilifungwa lini. Mashamba ya walowezi yalianza kuuzunguka mlima Meru kuanzia kama 1904 na 1905, Makaburu waliotoka Afrika Kusini na wengine Wajerumani waliotoka Urusi, mpaka watu wa mlimani wakajikuta wamebanwa juu, chini hawashuki bila kupita kwenye shamba la mtu. Ukimwambia mzee akuchoree njia kwenye udongo kwa kijiti atakuchorea, piga picha huo mchoro kabla kuku hawajapita. Mimi ninao mmoja, njia inashuka kutoka Akeri alafu inakata ghafla, na mjomba akaweka kijiti pale akasema hapa ndo paliwekwa mtu wa kuturudisha.

Vita ya 1914 watu wanaisahau kwa sababu tunafundishwa ni ya Ulaya. Muulize nani kwenye ukoo alienda hakurudi. Jeshi la Mjerumani lilichukua wapagazi, chakula na mifugo, na Mwingereza alipoiteka Moshi na Arusha Machi 1916 naye akachukua wapagazi wake, jina la Kariakoo limetoka hukohuko kwenye kikosi cha wabeba mizigo. Wapagazi wa upande wa Mwingereza waliokufa wanahesabiwa karibu 100,000, wengi siyo kwa risasi bali kwa magonjwa, baridi na njaa. Alafu 1918 yakaja yale mafua makubwa yakakuta watu wameshaisha nguvu. Kwenye koo nyingi kuna jina la kaka mkubwa ambalo linatajwa tu, halina kaburi, halina watoto. Uliza kuhusu hilo jina.

Kuhusu miaka. Mzee hatakwambia 1904, na ukimlazimisha mwaka atakupa wowote ili akuridhishe. Tumia alama. Kabla ya sotoka au baada? Kabla ya kunyongwa Meli au baada? Wakati huo wanahesabu kwa pesa au hela zilishaingia? Hili swali la hela ni zuri sana, kwa sababu zamani rupia moja ilikuwa na pesa 64, alafu kuanzia 1904 Mjerumani akaleta sarafu yake ya Heller, mia moja kwa rupia, na ndo hilo neno hela tunalotumia mpaka leo. Treni ilikuwa imefika Moshi? Basi ni 1911 na kuendelea. Treni ya Arusha je? Hiyo ni 1929, enzi za Mwingereza tayari. Kwa Waarusha na Wameru kuna kitu bora kuliko vyote, rika, uliza "babu yako alikuwa rika gani," akikwambia Talala ujue ni wale waliokuwa morani miaka ya vita vya Johannes, na hapo miaka inajipanga yenyewe.

Kuna mtego mmoja wa Meru lazima nikutahadharishe. Ukiuliza habari za kuhamishwa kwa nguvu, nyumba kuchomwa, wazee wengi watakusimulia ya Engare Nanyuki, na watakusimulia kwa machozi maana wengine walikuwa wadogo na waliona. Hiyo ni 1951, ni Mwingereza, ndo ile iliyompeleka msemaji wa Wameru, Kirilo Japhet, mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka uliofuata. Usimkatishe, rekodi yote, ni ya thamani kubwa pia, ila kwenye daftari lako andika pembeni ni ya lini. Na mtu akikwambia babu yake wa Machame alipigana Majimaji muulize taratibu alikuwa wapi na alikuwa anabeba nini, ile vita ilikuwa kusini, inawezekana alipelekwa kama mpagazi au askari, na hiyo ni stori tofauti kabisa na anayodhani anakusimulia.

Swali moja libebe kila mahali, "nani alikuambia?" Liulize kila baada ya jambo zito, kwa upole, siyo kama polisi. Akisema bibi mzaa mama andika jina, ukoo, aliolewa wapi. Akisema nilisikia tu, andika nilisikia tu. Akisema tulisoma shuleni, andika hivyo na usione umepoteza muda. Ukiwa na watu sita na kila mmoja umeandika alimsikia nani, unaanza kuona stori ipi imetoka mdomo mmoja ikasambaa na ipi imetoka midomo mitatu isiyojuana, na hiyo ya midomo mitatu iwekee alama.

Kurekodi nitapita haraka maana simu kila mtu anayo. Chaji ijae kabla kwa sababu umeme unajua mwenyewe. Weka airplane mode, hakuna kinachoudhi kama shangazi wa Tegeta kupiga katikati ya stori. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa, siyo mezani, meza inabeba mlio wa vikombe. Mvua ikianza kwenye bati acha, ongeeni tu, rekodi siku nyingine. Mwanzoni sema tarehe, mahali, jina la mzee, na muulize kwa sauti kama anakubali kurekodiwa, jibu lake liwe ndani ya rekodi. Usizidishe saa moja, mzee anachoka na anaona aibu kusema amechoka. Ukifika nyumbani siku hiyohiyo toa kopi mbili, moja kwenye flashi, moja jitumie kwa imeili, kule WhatsApp peke yake usikuamini, mimi nilipoteza dakika arobaini za mzee ambaye hayupo tena kwa sababu ya simu iliyodondoka kwenye maji, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Sasa sehemu ngumu, ambayo wengi wanairuka. Wajerumani walikuwa wachache. Waliokuja kupiga Meru na Arusha walikuja na askari wa kutoka mbali, Wasudani na wengine, lakini pia na maelfu ya Wachaga. Ng'ombe walichukuliwa, na wanawake na watoto walichukuliwa wakapelekwa Kilimanjaro. Kibosho walipopigwa 1891 walikuwepo watu wa Moshi upande wa pili, na Mangi Marealle wa Marangu alikuwa rafiki wa Wajerumani na stori za Marangu kuhusu miaka hiyo hazifanani na za Old Moshi hata kidogo. Mimi nimezaliwa hapo katikati, mama yangu ni Mmeru, baba yangu ni Mkibosho, na nilipoanza kuuliza nilijikuta natoka kwa mjomba Akeri anayeniambia "Wachaga walikuja wakatubeba" naenda kwa baba mkubwa Kibosho anayeniambia "tulilazimishwa kwenda, asiyekwenda anachomewa." Nilitaka mmoja wao awe amekosea. Hakuna aliyekosea. Ukikutana na hili usipeleke maneno ya upande mmoja kwa upande wa pili kama mashtaka, kwamba fulani kasema nyie mlifanya hivi, utafunga milango miwili kwa mara moja na pengine utavunja undugu. Rekodi kila upande kwao, kwa maneno yao, na uyaweke pamoja kwenye daftari.

Na hao wanawake waliochukuliwa, wapo kwenye koo zetu. Bibi anayesemwa "huyu alitoka Meru" na hakuna anayetaja mahari yake, au jina la ukoo wake halipo. Usimuulize mzee mbele ya watoto na wakwe. Muulize akiwa peke yake, ikiwezekana aulize mwanamke, shangazi au dada yako mkubwa, mimi hayo yote niliyapata kupitia dada yangu na nisingeyapata mwenyewe hata ningekaa miaka kumi. Akinyamaza mwache. Akilia zima simu, mshike mkono, ongeeni mambo ya ng'ombe, na siku hiyo imeisha. Usirudi kesho, rudi baada ya wiki, na ukirudi usianzie pale alipolia, subiri arudi mwenyewe.

Makaratasi yapo na yanasaidia. Anzia kanisani kwenu, Wakatoliki walifika Kilema mapema kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho muda mfupi baadaye, Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893, na rejista za ubatizo zina majina ya wazazi, vijiji na tarehe. Nenda kwa paroko au mchungaji kwa heshima, eleza unatafuta ukoo wako, na uombe kuangalia pale ofisini bila kuondoka na kitabu. Ukiona mama aliyebatizwa mtu mzima na asili yake imeandikwa ya mbali, unganisha na ile stori ya kuchukuliwa. Nyaraka za serikali ya Mjerumani zipo Dar, Nyaraka za Taifa, zimeandikwa Kijerumani na nyingi kwa mwandiko wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo anahangaika nao, kwa hiyo nenda ukiwa tayari una jina la kijiji, jina la mangi na mwaka unaoukaribia. Na kumbuka karatasi za afisa zinasema alichotaka bosi wake asome. Likiandikwa "wenyeji wamejenga barabara" mjomba wako ndo anayejua walijengaje.

Kwa familia za walionyongwa na waliopigwa kuna jambo zito zaidi ambalo mnalijua. Vichwa vilikatwa vikapelekwa Ujerumani kama vitu vya kupimwa. Watafiti wa Berlin walipochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliona karibu 200 ni ya kutoka Tanzania, na Septemba 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha mafuvu matatu na ndugu walio hai huku Kilimanjaro, moja ni la akida aliyekuwa mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Ni stori za ukoo zilizosema fulani alinyongwa, watoto wake ni hawa, wamekaa pale, ndo zilizoonyesha mate ya nani yachukuliwe kupimwa. Kwa hiyo ukirekodi, chora ukoo pia, mistari ya nani kamzaa nani, usiishie kwenye majina ya wanaume, DNA haijali na wewe usijali. Ukitaka kusimama pale penyewe nenda Old Moshi, Tsudunyi, ule mti upo na watu wa pale watakupeleka, ila nenda na mzee wa eneo na usianze kupiga selfi.

Ukishamaliza kuandika usiishie kwenye mafaili. Rudi. Chapisha kwa herufi kubwa, kurasa tano au sita tu zinatosha, mpelekee mzee, na kama haoni vizuri msomee kwa sauti, ikiwezekana Jumapili baada ya ibada wakati wajukuu wapo. Atakukatisha. Atasema "hapana, siyo hivyo, alikuwa mdogo wake siyo yeye," na dada yake atasema mbona we hukuwepo, mimi nilimsikia mama, na watabishana. Waache wabishane na uwashe simu tena. Marekebisho yaandike pembeni na tarehe yake, usifute yale ya mwanzo, kwa sababu bibi yangu kwenye kusomewa mara ya pili ndo alipotaja jina la yule binti wa ng'ombe wa mahari, mara ya kwanza alikuwa amesema "binti mmoja," na alipolitaja shangazi aliyekuwa anaosha vyombo nje akaingia ndani akauliza, kumbe ndo mimi nilipewa jina lake?